Karanga Aliziba Madirisha: Kumjengea Hamsta Nyumba ya Mbao

SALUM: Da Rehema, kabla ya yote nisome ule ujumbe niliokutumia mwezi wa Novemba, saa sita usiku. "Kaziba madirisha yote mawili." Ulikuwa na maneno manne tu.

REHEMA: Nami niliusoma alfajiri nikashtuka, nikakupigia hapo hapo. Kumbe ni Karanga, hamsta wa binti yako! Wasikilizaji wetu, hamjambo. Mimi Rehema, niko Morogoro. Kaka Salum yuko Leipzig, Ujerumani. Leo tunazungumza useremala, ila mwenye nyumba ana uzito wa gramu 130.

SALUM: Mia na thelathini na tano. Tulimpima jana.

REHEMA: Haya, tuanze na kumtambulisha, maana huku kwetu wengi hawajapata kumwona hamsta. Mimi humweleza hivi: mnamjua buku? Wale panya wakubwa wanaofundishwa hapa Morogoro, pale Chuo Kikuu cha Sokoine, wananusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alifanya kazi Kambodia na mwaka 2020 akavishwa medali ya dhahabu. Sasa buku akipata chakula hakili chote papo hapo. Anajaza mashavu, anakwenda kuweka akiba. Hamsta naye ana mifuko hiyo hiyo mashavuni. Ila yeye anaenea kiganjani, mkia wake kama kifungo, manyoya rangi ya asali.

SALUM: Na Wajerumani wamemfanya kitenzi. Mtu akinunua unga na mafuta kupita kiasi, wanasema "hamstern". Mwaka 2020, wakati wa korona, neno hilo lilikuwa kila mahali.

REHEMA: Kwa nini ulimnunulia binti yako mnyama huyu?

SALUM: Sikumnunua, tulimchukua kwenye nyumba ya kulelea wanyama walioachwa. Binti yangu ana miaka tisa, alikuwa ameomba mwaka mzima. Akampa jina Karanga siku ile ile. Alikuja na kijumba cha plastiki chekundu, chumba kimoja, tundu moja. Asubuhi ukikiinua unakuta paa lina matone ya maji kwa ndani, kwa sababu mnyama anapumua, anakojoa, na plastiki haipitishi kitu. Alikuwa analala kwenye unyevu. Nikamwambia binti yangu, Jumamosi tunajenga.

REHEMA: Nyumba ya kwanza. Ieleze vizuri, usiikwepe.

SALUM: Siikwepi. Tulichora pamoja mezani. Yeye alitaka ghorofa moja, ngazi, na madirisha mawili makubwa ili amwone Karanga akilala. Mimi nikaweka sakafu ya plaiwudi, nikapigilia misumari midogo, paa nikalibandika kwa gundi. Ilipendeza kweli. Tukaiingiza jioni, tukakaa kumtazama. Akaingia, akatoka, akaanza kubeba maranda na vipande vya karatasi. Safari kama ishirini. Saa sita usiku madirisha yote yalikuwa yamezibwa hadi juu.

REHEMA: Na binti?

SALUM: Asubuhi alilia. Alisema, "Baba, haipendi." Hapo ndipo nilipokaa chini nikasoma, jambo ambalo ningelifanya kabla ya kushika msumeno. Nilikuta kwamba watafiti walikwenda mpakani mwa Syria na Uturuki, ambako hamsta wa aina hii bado wanaishi porini, wakafukua mashimo yao. Kwa wastani shimo lilikuwa na kina cha sentimita 65, na lililozidi yote lilifika sentimita 106. Kuna njia inayoshuka wima, kuna chumba cha kulala, ghala la chakula, na kijia kisicho na mwisho ambacho ni choo.

REHEMA: Ana choo chake?

SALUM: Ana choo chake, kimejitenga. Basi nikaona kosa letu. Sisi tulimjengea nyumba ya mtu. Mnyama huyu nyumba yake ni shimo. Dirisha kwake ni ukuta uliobomoka, na alifanya ambacho mwenye nyumba yeyote angefanya, aliukarabati.

REHEMA: Hilo limenigusa, kaka. Kwa sababu babu yangu alikuwa seremala, na alipotutengenezea banda la sungura alianza kwa kukaa nao. Siku mbili hakupima kitu. Anatazama wanakojificha, wanakokojoa, wanaruka juu kiasi gani. Sisi tulidhani anapumzika.

SALUM: Babu alikuwa anapima kwa macho.

REHEMA: Ndiyo. Haya, nyumba ya pili. Nipe vipimo, nimeshika penseli.

SALUM: Urefu sentimita 45, upana 20, kwenda juu 14. Plaiwudi ya mpopla, unene milimita 8. Mpopla ni mti mweupe, laini, hauna utomvu. Ndani kuna vyumba vitatu vilivyogawanywa kwa mbao mbili. Cha kulala ndicho kikubwa, karibu sentimita 18 kwa 18. Vile viwili vingine ni nusu na ushei yake.

REHEMA: Hamsta wako ana urefu gani?

SALUM: Sentimita kama 15 akijinyoosha. Kwa hiyo anageuka vizuri. Lakini siri iko kwenye milango. Mlango wa nje uko upande wa kushoto, wa chumba cha pili upande wa kulia, wa chumba cha kulala kushoto tena. Ukichungulia mlango wa nje huoni kitanda. Mwanga unaishia chumba cha kwanza.

REHEMA: Hiyo ni kama nyumba za zamani za pwani! Ukifika barazani huoni ndani, njia inapinda kwanza. Tundu la mlango lina upana gani? Maana hapo ndipo watu watakosea.

SALUM: Kwa hamsta huyu mkubwa, wa Syria, karibu sentimita 7. Si kwa ajili ya mwili wake, mwili unapita kwenye 5. Ni kwa ajili ya mashavu. Akirudi amejaza mifuko, kichwa kinakuwa kipana mara mbili. Tundu likiwa dogo anakwama, au anajikwaruza mifuko ile kwa ndani na kupata jeraha. Wale hamsta wadogo wa jamii nyingine, 5 inawatosha. Mimi nilitumia ule msumeno wa mviringo unaofungwa kwenye drili, mafundi umeme wa huku wanautumia kutoboa ukuta kuweka soketi. Una milimita 68. Ni kama umetengenezwa kwa ajili ya hamsta.

REHEMA: Babu angetoboa matundu madogo madogo kwa keekee kuzunguka duara, kisha anapitisha tupa. Inachukua nusu saa, lakini inatoka. Ukingo umeupiga msasa?

SALUM: Namba 120, kisha 180, hadi kidole hakihisi kitu. Binti yangu ndiye alikuwa mkaguzi. Alikuwa anafumba macho, anazungusha kidole kwenye kila tundu. Alinirudisha mara mbili.

REHEMA: Mwambie shangazi yake wa Morogoro amemsifu. Sasa kuungana. Wewe mara ya kwanza ulitumia misumari. Mimi siwezi kukubali msumari kwenye nyumba ya mnyama anayetafuna. Meno ya jamii ya panya hayaachi kukua, lazima atafune, na akila mbao leo, kesho ncha ya msumari iko nje.

SALUM: Na ndivyo ilivyotokea kwenye ile ya kwanza, nilikuta ncha moja imeanza kujitokeza. Nilishukuru Mungu kwamba niliiona. Safari hii gundi ya mbao tu, ile nyeupe inayochanganyika na maji, na vijiti vya mbao badala ya misumari. Unatoboa mbao zote mbili, unatia gundi, unapigilia kijiti, unakata kinachobaki. Kisha unaacha ikauke. Mimi niliacha siku mbili dirishani ingawa kopo linasema muda mfupi zaidi, nilitaka harufu iishe kabisa.

REHEMA: Wengine watauliza, kwa nini asitumie chipbodi, mbona ni rahisi.

SALUM: Chipbodi ikipata mkojo inavimba kama mkate kwenye chai, halafu ina gundi nyingi ndani yake, na huyu ataitafuna. Mwerezi pia hapana, ile harufu kali tunayoipenda sisi inaumiza njia ya hewa ya wanyama wadogo. Mbao zilizopigwa dawa ya mchwa, hapana kabisa. Rangi hatukupaka. Binti yangu aliandika jina juu ya paa kwa penseli, basi.

REHEMA: Paa?

SALUM: Tambarare, linainuliwa. Chini yake kuna fito mbili zinazoingia ndani ya kuta, ili lisiteleze. Halina gundi. Lazima uweze kufungua bila kung'oa nyumba, maana chakula kibichi kikioza ghalani unahitaji kukitoa, na mkojo ukilowesha pembe unahitaji kubadilisha maranda ya pale tu. Ukiondoa kila kitu mara moja unamfutia harufu yake yote, anaanza upya kama mgeni.

REHEMA: Na sakafu?

SALUM: Hakuna sakafu.

REHEMA: Hapo nilikukatalia kwenye simu, utakumbuka. Seremala anafundishwa kwamba kitu hakikai sawa bila kitako.

SALUM: Ulinikatalia, na ulikuwa na hoja. Mbao zenyewe zinaweza kupinda. Lakini nyumba isiyo na sakafu inamruhusu achimbe kutoka chumbani kwenda chini, anakotaka yeye. Na mkojo unaingia kwenye maranda, haubaki kwenye plaiwudi. Ile nyumba yetu ya kwanza, baada ya wiki tatu sakafu ilikuwa nyeusi pembeni.

REHEMA: Ndipo nikakuambia nguzo.

SALUM: Ndipo ukaniambia nguzo, na naomba uwaelezee mwenyewe, kwa sababu hiyo ni kazi yako.

REHEMA: Ni jambo rahisi. Ukiiweka nyumba juu ya maranda, mnyama anachimba chini yake, maranda yanatitia, nyumba inamshukia mgongoni. Mnyama mdogo anaweza kufa hapo. Kwa hiyo nyumba isikae juu ya maranda, ikae juu ya miguu inayofika hadi chini ya tangi, kama ghala la mahindi la vijijini linavyokaa juu ya nguzo. Nguzo sita, sentimita mbili kwa mbili, zimeunganishwa na kuta kwa vijiti. Nne pembeni, mbili katikati pale mbao za kugawa vyumba zinapokutana na ukuta. Zile za katikati ndizo zinazuia kupinda.

SALUM: Urefu wa nguzo ni sentimita 22. Upande ilipo nyumba, maranda yanafika 25, kwa hiyo yanaingia ndani ya nyumba kidogo, sentimita tatu hivi. Tangi lenyewe ni la kioo, urefu mita moja, upana nusu mita, kwenda juu nusu mita, juu kuna wavu. Na maranda marefu si anasa. Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, kilichapisha utafiti mwaka 2006, waliwapa hamsta maranda ya kina cha sentimita 10, wengine 40, wengine 80. Wale wa sentimita 10 ndio waliotafuna nondo za kizimba zaidi ya wenzao. Nilipousoma huo nilikumbuka kwamba Karanga alipokuja kwetu alikuwa na alama puani, manyoya yamekatika, kwa kusugua nondo.

REHEMA: Masikini.

SALUM: Alama imejaa sasa. Imeota manyoya.

REHEMA: Kaka, kuna swali nataka nikuulize kwa dhati, kwa sababu litaulizwa na mama zetu. Mnyama huyu anaishi miaka mingapi?

SALUM: Miwili. Akibahatika, mitatu.

REHEMA: Na usiku kucha yuko macho, mchana amelala, na hataki hata mwenzake wa jamii yake chumbani. Ukimwekea mwenzake wanapigana. Nguvu zote hizo, kwa miaka miwili?

SALUM: Nilijiuliza. Lakini fikiria alikotoka. Mwaka 1930 mwanazuoni wa wanyama, Israel Aharoni, alipata jike na watoto wake kwenye shamba la ngano karibu na Aleppo. Karibu hamsta wote wa aina hii wanaofugwa duniani leo wametokana na familia ile. Yaani Karanga ni mjukuu wa wale waliochimbuliwa kwenye shimo lao. Hakuomba kuja Leipzig. Dunia yake yote ni mita moja kwa nusu mita, na mimi ndiye niliyempimia. Siwezi kumpimia vibaya kwa sababu eti hataishi sana.

REHEMA: Nimekuelewa. Nimekuelewa vizuri.

SALUM: Na binti yangu amejifunza kutumia msumeno. Tulifanya kazi Jumamosi mbili, mchana tu, kwa sababu Jumapili huku huwezi kuwasha drili, majirani wana haki ya kupumzika. Jumapili tulikuwa tunapiga msasa kimya kimya, kwa mkono.

REHEMA: Alipoingia nyumba mpya alifanya nini?

SALUM: Siku ya kwanza hatukumwona kabisa. Tulisikia kukwaruza tu. Chumba cha kulala alikijaza karatasi laini ya chooni tuliyomchania vipande. Na hapo niseme: pamba msitumie, nyuzi zake zinafunga miguu ya mnyama hadi damu isipite. Karatasi nyeupe isiyo na manukato inatosha. Chumba cha kati akakifanya ghala, sisi hatukumwelekeza. Choo akakipeleka nje kabisa, kwenye bakuli la mchanga tulilomwekea pembeni.

REHEMA: Na binti anamwona saa ngapi, kama hakuna dirisha?

SALUM: Saa mbili na nusu usiku, kabla ya kulala, anakaa mbele ya tangi. Karanga hutoka karibu saa ile, anapanda juu ya paa, anaosha uso. Wanatazamana. Na Jumamosi asubuhi tunainua paa upande wa ghala, mara moja kwa wiki, kukagua. Yeye anahesabu na kuandika kwenye daftari.

REHEMA: Wiki iliyopita kulikuwa na nini?

SALUM: Mbegu za maboga 31, punje za mtama hazihesabiki, na kipande cha karoti kilichonyauka. Karoti tuliitoa. Mbegu tulizirudisha zote, akahakikisha zimefika 31, kisha akafunika.