Funga bomba, uchungulie tenki

Sogeeni mbele jamani, hiyo feni ya nyuma ni pambo tu.

Nianze na maji. Nyie wa Kimara na Mbezi mnaujua mgao. Maji yakitoka kila siku, tenki limejaa asubuhi, limejaa jioni, utadhani hakuna anayeoga. Siku bomba likikauka ndipo unajua nyumba inakunywa kiasi gani. Glutathioni, molekuli ndogo inayozilinda seli zisiharibiwe na kemikali kali, iko hivyohivyo ndani ya ini: ukipima unakuta milimola 5 hadi 10 kwa lita, unadhani imetulia. Kumbe inatengenezwa na kutumika muda wote. Hata boya lipo: glutathioni ikijaa, yenyewe hukizuia kimeng'enya kinachoanza kuitengeneza.

Mwaka 1979, Owen Griffith na Alton Meister kule New York walieleza namna ya kulifunga bomba hilo. Ili kutengeneza glutathioni, seli huunganisha kwanza asidi amino mbili, glutameti na sisteini, kisha huongeza ya tatu, glisini. Dawa yao, buthionini salfoksimini, hukivamia kimeng'enya cha hatua ya kwanza. Uzuri wake, na mimi hapa huwa natabasamu, kimeng'enya chenyewe huibandika dawa fosfeti kikidhani ni kazi ya kawaida, halafu kinanasa nayo.

Panya wakichomwa dawa hiyo, tenki la figo hushuka haraka kuliko la ini. Kwa nini figo? Mwanzoni mwa mirija yake kumejaa kimeng'enya kingine, gama-glutamili transipeptidezi, kinachovunja glutathioni iliyokwisha kutoka nje ya seli. Sasa kifungeni hicho. Wengi hujibu, "Itarundikana ndani ya figo." Hapana. Inatoka na mkojo! Maana yake seli zilikuwa zikiitoa siku zote, sisi hatukuiona kwa sababu ilivunjwa mlangoni na vipande vikarudishwa.

*(Swali kutoka ukumbini: Mnyama anaumia?)*

Anaumia, hasa mchanga. Watoto wa panya wakinyimwa glutathioni hupata mtoto wa jicho (msicheke, ndiyo jina lake), na wengi hufa. Wakipewa vitamini C nyingi, ambayo hushika sehemu ya kazi ya glutathioni, hunusurika. Panya mkubwa huvumilia zaidi kwa sababu anajitengenezea vitamini C ya kutosha kwenye ini lake. Simbilisi, yaani guinea pig, hawezi kuitengeneza kabisa. Mimi na wewe pia hatuwezi, ndiyo maana mtu akiniletea matokeo ya panya wakubwa peke yao, namuuliza kwanza: simbilisi je?