Mkongomani wa Mbeya

Shikamooni wazee wangu. Vijana wenzangu, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie muziki wa dansi, lakini niruhusuni nipitie nyumbani kwetu kwanza. Baba yangu alizaliwa Lubumbashi, akaja huku na gitaa lake. Mama ni Mnyakyusa wa Tukuyu. Mimi nimezaliwa hapahapa Mbeya. Tangu nianze kupanda jukwaani watu wananiuliza: wewe ni wa huku au wa kule? Mimi ni Mkongomani wa Mbeya, na nalitamka hilo kifua mbele.

Wengi mkisikia Kongo mnawaza Lingala. Lingala naipenda mno, ndiyo lugha ya Kinshasa na ya bendi kubwa za kule. Lakini Katanga, Kivu na Maniema watu wanaamka na Kiswahili na kulala nacho, na ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Kongo. Mwenda Jean Bosco wa Katanga alirekodiwa mwaka 1952 akipiga gitaa kavu kwa vidole viwili, dole gumba likitembea na besi, kidole cha shahada kikicheza sauti za juu, na nyimbo zake aliziimba kwa Kiswahili. Kwa hiyo mtu akiniambia Kiswahili cha baba yangu kilikuwa kibovu, naumia kweli. Ni Kiswahili cha kwao, kina watu wake na nyimbo zake.

Kwa chakula hamtanishinda. Nyumbani kwetu kisamvu tulikiita sombe. Majani yanatwangwa kwenye kinu mpaka yalainike kabisa, yanachemshwa taratibu, maji yakikaribia kukauka ndipo yanatiwa mawese. Majirani walitia karanga, na mama naye alikulia karanga, lakini mawese aliyazoea mpaka akawa hali sombe bila hayo. Na hatukuyaagiza Kongo, yalitoka hapo Kyela! Pembeni dagaa wa Ziwa Nyasa, na ugali ambao baba aliuita bukari hadi tunamzika. Jioni madereva wa malori ya shaba waliopitia Tunduma walimletea kanda mpya, na sisi watoto tulijua hakuna kulala mapema.

Wanamuziki Wakongo waliokuja Tanzania mnawajua. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, aliingia Dar es Salaam mwaka 1978. King Kiki, aliyetutoka mwaka 2024, alikuwa wa Lubumbashi. Orchestra Maquis ilianzia Katanga. Kwangu mimi Remmy anakaa peke yake. Alichukua magitaa ya kwao akayaimbia shida za mnyonge wa Tanzania, kifo, umaskini, hata kondomu, wakati ambao watu wazima waliona haya kuitaja kondomu.

Sasa sikilizeni gitaa. Rumba inaanza polepole, mwimbaji anasimulia habari yake. Kisha sauti zinapungua, sebene, yaani sehemu ya magitaa ya kuchezea, linaingia, na hapo ndipo viti vinaachwa. Gitaa la rizimu linashika mzunguko mmoja mfupi, haliuachi. Solo inapanda juu na kurudia kipande kilekile, kila mara ikikigeuza kidogo. Kati yao iko mi-solo, gitaa la tatu, inayoingia pale wenzake walipopumua. Ukiitoa, msikilizaji hataweza kukuambia kilichopungua, ila ataacha kucheza. Vijana wanaokuja kwangu kujifunza wote wanataka solo, kwa sababu solo ndiyo inayopigiwa makofi. Baba alipiga mi-solo maisha yake yote, na hakuna bendi iliyokubali kumwacha.

Desemba 2021 UNESCO iliiingiza rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa binadamu, kwa maombi ya Kongo zote mbili. Nilitamani mzee awe hai siku hiyo. Nilitamani pia sisi wa huku tuone kwamba tumo katika urithi huo, maana rumba imeishi kwenye kumbi zetu kwa miaka mingi, ikaimbwa kwa lugha yetu, ikaoa kwetu.

Basi nitapiga sebene moja mara mbili, kwanza bila mi-solo, halafu nayo. Yule kijana wa nyuma mwenye gitaa, njoo mbele unishikie rizimu. Usiogope, ni mzunguko mmoja tu, ila usiuachie.