Baroni, Dyuki na Mwungwana: Vyeo vya Enzi za Kati Ndani ya Gemu, na Vyetu vya Lamu

Assalaam aleikum. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliojazana safu za nyuma mkidhani siwaoni.

Niliombwa nizungumzie vyeo na ukabaila wa enzi za kati. Nikaona nikianza na mambo ya vitabuni nusu yenu mtasinzia, basi nitaanza na kitu ambacho vijana wanakijua kunishinda mimi, nacho ni gemu. Wazazi mlio hapa mnasikia kompyuta ikivuma usiku wa manane, mkadhani mtoto anapigana na mazimwi. Huenda. Lakini wako wengine saa hizo wanapanga ndoa ya binti wa mfalme wa Castile, na wanaipanga kwa hila ambazo nyanya zetu wa mtaa wa Mkomani hapa Lamu wangezisifu.

Gemu ninayoikusudia ni Crusader Kings III, iliyotolewa mwaka 2020 na kampuni ya Paradox Interactive ya Stockholm, Uswidi. Ilipotoka, ungeweza kuanza mwaka 867 au 1066. Tofauti yake na gemu nyingi za vita ni kwamba huchezi nchi, unamcheza mtu. Una wazazi, una mke, una ndugu wanaokuonea wivu, unaugua, unazeeka. Ukifa, mrithi wako ndiye wewe mpya. Ukifa bila mrithi wa ukoo wako, mchezo umekwisha, zima ukalale.

Ngazi ya vyeo nitaipita mbio. Chini kabisa yuko baroni, mwenye ngome moja au mji mmoja. Juu yake bwana wa kaunti. (Msicheke. Wetu, gavana, tunamchagua kwa kura, wao walizaliwa nayo.) Kisha dyuki, kisha mfalme, na juu ya hao kaisari. Baroni huruhusiwi kumcheza, ni mdogo mno. Na kupanda kwenyewe ni kwa ardhi: ukitaka kuitwa mfalme wa mahali, sharti ushike zaidi ya nusu ya kaunti zinazohesabiwa kuwa za ufalme huo, utoe dhahabu, ndipo utawazwe.

Utamu unaanza hapa. Mchezaji mchanga akishapata nguvu kidogo hutaka kila kaunti iwe mkononi mwake mwenyewe. Gemu inamkatalia. Kuna kikomo cha ardhi unayoweza kuisimamia kwa mkono wako. Ukikivuka, kodi inapungua na askari wanapungua. Kwa hiyo huna budi kugawa. Unampa huyu kaunti, yule unampa udyuki, na wote wanakula kiapo kuwa ni watu wako. Haya, umepumzika? Hukupumzika. Kila uliyempa ana moyo wake. Ukimbonyeza, gemu inakuonyesha kwa nambari jinsi anavyokuona: ulimnyima cheo barazani, ulimfunga binamu yake, dini yako si yake, na baba yako alikuwa mtu mbaya. Kila mmoja ana mkataba nawe: kodi kiasi hiki, askari kiasi hiki. Wakishakuchoka wanakutana kisirisiri, na siku moja unaletewa barua. Punguza mamlaka yako, au tutamtawaza ndugu yako.

Mambo haya hayakubuniwa Stockholm. Mwaka 1066 William, dyuki wa Normandy, alivuka bahari akaiteka Uingereza, na siku ya Krismasi akatawazwa Westminster. Upande ule wa maji akawa mfalme. Upande huu akabaki dyuki, mtu wa mfalme wa Ufaransa. Kwa cheo kimoja ni sawa na mfalme wa Ufaransa, kwa cheo cha pili anapaswa kumpigia goti. Wafalme wa Ufaransa walihangaika na kitendawili hicho karne baada ya karne. Naye William, ardhi aliyoiteka hakuweza kuikalia peke yake. Aliwagawia mabwana wake, wao wakawagawia walio chini yao, na malipo yakawa utumishi wa vita. Kwa desturi, shujaa wa farasi alidaiwa siku 40 kwa mwaka. Zikiisha, anaweza kugeuza farasi akarudi nyumbani, hata kama ngome ya adui haijaanguka.

Na ile barua? Ilimfikia mfalme John wa Uingereza, kilembwe wa William. Mwaka 1215 mabaroni walimbana katika uwanda wa Runnymede hadi akakubali hati ya masharti. Mojawapo ya masharti hayo liliweka mabaroni 25 wa kumchunga, na akikiuka wana ruhusa ya kumnyang'anya ngome na mali zake. Fikirini mfalme anatia muhuri wake kwenye hati kama hiyo! Vijana wanaocheza wanaijua hali ile: kwenye ramani rangi yako imetanda, ilhali ndani ya nyumba huna rafiki.

La mirathi nitaligusa tu. Mwanzoni gemu haikupi uhuru wa kumwachia mtoto mmoja kila kitu. Ukifa, wana wako wanagawana, na himaya uliyoijenga miaka 40 inakatwa vipande. Najua vijana walioifunga kompyuta kwa hasira kwa ajili hiyo. Waambieni wasome habari za Verdun, mwaka 843, wajukuu watatu wa Charlemagne walipoigawa himaya ya babu yao.

Sasa turudi huku kwetu, maana hapa ndipo ninapotofautiana na gemu.

Ngazi ile inasema cheo ni ardhi. Waungwana wa Lamu, yaani jamaa wakubwa wa mji, walikuwa na mashamba, tena makubwa, ng'ambo ya bara. Lakini hakuna aliyeheshimiwa mjini kwa kuhesabiwa minazi. Alihesabiwa nasaba, ilimu, na nyumba. Nyumba ya mawe, kuta nene za matumbawe na chokaa, na ndani kabisa zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, za lipu zilizopangwa safu juu ya safu, zikiwekwa sahani za China. Mgeni akifika anaishia dakani, ukumbi wa mlangoni. Ukimwona mtu amepitishwa mpaka ndani, umeshajua daraja yake bila kuuliza.

Na nyumba zile zilikwenda kwa nani? Mwungwana alipomwoza binti yake alimpa makao. Akiweza anamjengea nyumba ubavuni mwa yake, au anampandishia ghorofa juu. Na ikiwa nyumba zimetengwa na kichochoro, hutupwa wikio kuvuka njia, ili mama na binti watembeleane bila kushuka barabarani. Vijana, mkitoka hapa tazameni juu. Kule Ulaya ya gemu, mabinti mara nyingi hupangwa nyuma ya kaka zao. Hapa jiwe lenyewe lililomfanya mwungwana awe mwungwana lilikuwa la binti.

Pili, hatukuwa na mfalme. Malindi walikuwa naye. Vasco da Gama alipofika huko Aprili 1498, mmoja wa watu wake aliandika jinsi mfalme alivyowajia kwa chombo: joho la hariri lenye mapambo ya kijani, kilemba cha thamani, viti viwili vya shaba vyenye mito, mwavuli wa atlasi nyekundu, mzee kando yake ameshika upanga wenye ala ya fedha, na siwa mbili za pembe za ndovu, kila moja urefu wa mtu, zikipulizwa kwa tundu la ubavuni. Huo ni ufalme, hata mtengeneza gemu angeutambua. Pate, kisiwa jirani, nao walikuwa na Wanabahani wao, ukoo wa watawala, na siwa yao ya pembe, ile iliyomo katika makumbusho yetu karibu na siwa ya shaba ya Lamu. Sisi tulikuwa na Yumbe, baraza la mji. Wakubwa wa mji wamegawanyika pande mbili, Zena na Suudi, wanakaa wanazozana mpaka jambo linapatikana. Siwa tulipuliza, ila kwa harusi na tohara za jamaa wakubwa pia, si kwa kiti cha mtu mmoja.

Mji wa namna hii gemu haiujui vizuri, lakini kuna kitu kimoja inakijua. Mwanzoni mwa karne ya 19 Pate na Mazrui wa Mombasa walishuka Shela kuja kutupiga, wakapigwa wao. Tulishinda. Na baada ya kushinda, wakubwa wa Lamu walifanya nini? Walimwendea Sayyid Said wa Oman wakamwomba ulinzi, kwa hofu kwamba waliopigwa watarudi. Akaleta liwali, akaleta askari, na ngome hii tuliyokaa ndani yake ikakamilishwa, yapata mwaka 1821. Mshindi amekwenda mwenyewe kujiweka chini ya mkubwa zaidi. Wanaocheza wataniambia kuwa hilo nalo lipo kwenye gemu: jirani amekuzidi, basi unamlia kiapo kabla hajakujia. Mimi nasema wazee wetu walilipa ghali, maana aliyekuja kulinda hakuondoka. Wengine humu watanipinga, na wana haki.

Limebaki moja, nalo ndilo lililonifanya nikubali kuja. Katika gemu kila bwana ana sura. Ana pua, ana makovu, ana tabia zake. Mkulima hana. Yeye ni nambari katika hesabu ya askari, na akichoka kabisa anageuka kuwa uasi. Tusiwacheke Waswidi, kwa sababu masimulizi yetu wenyewe ya uungwana yana ugonjwa huohuo. Tunasimulia zidaka, hatumsimulii aliyechoma chokaa. Chukueni shiraa. Bibi wa kiungwana alipotoka nje mchana alitembea ndani ya pazia la kitambaa lililoshikiliwa kwa vijiti, asionekane na mtu. Pazia haliendi lenyewe. Lilishikwa na wanawake watumwa, uso wazi, jua la saa saba, wakilinganisha hatua zao na za mtu wasiyemwona. Sitara ya mmoja ilikuwa mikono ya wengine. Mwaka 1907 utumwa ulipofutwa kisheria pwani hii, mikono ile ikaanza kukosekana, na buibui likashika njia: kila mwanamke anajibebea sitara yake, mwungwana na asiyekuwa.

Na cheo kingine kilikuwa kinapandwa kwa njia ambayo haimo kwenye ngazi ya baroni na dyuki. Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija, alikwenda kukaa mtaa wa Langoni, kwenye vibanda vya makuti, akawasomesha watu ambao wakubwa hawakutaka wasomeshwe, watumwa na watoto wa watumwa. Waungwana walikasirika. Leo anayekuja Lamu kwa Maulidi anakwenda msikiti wa Riyadha, huko huko Langoni.

Basi kama yupo hapa anayejifunza kuandika programu, nampa kazi. Tengeneza gemu ya Lamu. Usianze na ramani ya kaunti, anza na mtaa. Cheo ukipime kwa nani ameitikia mwaliko wa harusi yako, nani amekataa kukuoza, chuo cha Kurani cha nani kimejaa watoto. Na mchezaji apewe kuchagua anaanza akiwa nani, na mmoja wa wale wa kuchaguliwa awe mwanamke aliyeshika kijiti cha shiraa, mwenye jina, mwenye makovu, mwenye mipango yake.

Mzee wa safu ya tatu amenyoosha mkono tangu nilipomtaja Sayyid Said. Karibu, mzee wangu, nipinge.