Mambazo Walikuwepo Kabla ya Graceland

Wanakwaya wenzangu asanteni kwa kuja, na nyie mliosimama huko nyuma sogeeni, viti vipo. Leo tunaongea habari za Ladysmith Black Mambazo, kundi la waimbaji wa Afrika Kusini, na ntaanza na kitu kinachoniuma kwelikweli, maana kila wakitajwa hawa jamaa mtu anakwambia aah, si wale wa Paul Simon? Jamani hapana. Paul Simon, mwanamuziki wa Marekani aliyewashirikisha kwenye albamu yake ya Graceland, alikutana na Joseph Shabalala, mwanzilishi wa kundi, mwaka 1985, wakati huo kundi lina robo karne, lina mashabiki kibao kwao, na lilishawasumbua watu kwenye mashindano mpaka likazuiwa kushindana, wakaambiwa nyie njooni muimbe tu, zawadi waachieni wengine.

Hayo mashindano ndo tuyaelewe vizuri. Wanaume wa Kizulu walikuwa wanaacha wake na watoto vijijini wanaenda migodini na viwandani, Johannesburg, Durban, wanalala kwenye mahosteli, kazi siku 6 kwa wiki, kwa hiyo Jumamosi usiku ndo usiku wao. Wanavaa suti, viatu vinang'aa, kwaya inapokea kwaya mpaka Jumapili alfajiri, na wanacheza kwa kunyata, kwa ncha za vidole, inasemekana ilianza hivyo ili walinzi wa kambi wasishtuke. Ndo mtindo unaoitwa isicathamiya huo. Jaji sasa! Mara nyingi alikuwa anatafutwa mzungu yeyote tu, Kizulu hajui hata neno, na walikuwa na akili kufanya hivyo kwa sababu mtu huyo hana ndugu kwenye kwaya yoyote. Mshindi anaweza kuondoka na mbuzi.

Shabalala alikuwa mtoto wa shambani karibu na mji wa Ladysmith, akaenda kufanya kazi kiwandani Durban, akaanzisha kundi lake 1960 na ndugu zake na binamu zake. Mwenyewe alisimulia kwamba mwaka 1964 alikuwa anaota ndoto inajirudia kwa miezi, anasikia kwaya inaimba kwa upatano ambao hajawahi kuusikia, basi anaamka anakwenda kuwafundisha wenzake. Na hapa naomba viongozi wa kwaya mnisikilize. Sisi tunagawa sauti sawasawa, ya kwanza wanne, ya pili wanne, mpaka chini. Yeye mpango wake ulikuja kuwa hivi: anayeongoza mmoja, alto mmoja, tenor mmoja, besi SABA. Saba! Na hawapigi kelele, wanaimba kwa upole, wanatandika chini kama mkeka halafu sauti ya Shabalala inatembea juu yake. Wengine walikuwa wanashindana nani ana koo kubwa, yeye akawa anawapunguza sauti watu wake, mpaka huwezi kutofautisha nani ni nani. Hiyo hufanyi bila mazoezi ya kila siku na watu waliokua pamoja.

Mwaka 1970 wakasikika redioni, wakaingia mkataba na kampuni ya kurekodi ya Gallo, na albamu yao ya kwanza, Amabutho, 1973, ikafika mauzo ya dhahabu. Ndo ikaja Graceland 1986 na kweli iliwafungulia dunia, hilo silikatai hata kidogo, 1987 wakatoa albamu ya Shaka Zulu, prodyuza Paul Simon, 1988 ikachukua tuzo ya Grammy, na toka hapo ni ziara juu ya ziara, 1993 wakawa Oslo na Mandela alipopokea Nobel, 1994 wakaimba akiapishwa.

Lakini misiba nayo iliwapata. Headman Shabalala, mdogo wake Joseph na mmoja wa waimbaji, aliuawa kwa risasi na mlinzi mzungu mwaka 1991. Nellie, mke wa Joseph, akauawa 2002. Mi nikifikiria mtu anazika mke halafu anarudi stejini kuongoza nyimbo za amani, nakosa cha kusema.

Mzee alistaafu 2014, watoto wake wakashika, akafariki Februari 11, 2020. Na kabla hajaondoka alishuhudia jambo: wakairekodi upya ile Shaka Zulu, watoto wanaongoza, ikaleta Grammy ya tano 2018.

Haya, fundi mitambo tuwekee Amabutho, hiyo ya 1973. Watu wa besi mkae karibu na spika, sikilizeni wanavyoanza pamoja na wanavyokata pamoja, tukimaliza mtaniambia mmesikia nini.