Nasoma Kabale, siko hotelini

Assalamu alaykum, habari zenu ndugu zangu wa Tanga, Muheza, Pangani na kote mnakonitazama. Leo sipiki wala sizunguki sokoni. Nimekaa kitako hapa Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, nijibu lile swali lenu, maana kila nikiweka video lazima mtu aliandike: "Dada, hapo unasoma au unatalii?" Na chini yake mwingine: "Ada shilingi ngapi, na mie nije?"

Najua nikisema huku pazuri mtasema naringa. Nikisema pagumu mtasema sina shukrani, wazazi wamejinyima mie nalalama kwenye simu. Basi nitasema yote mawili, kila mtu achukue lake la kunisemea.

Hiyo mandhari mnayoiona nyuma yangu sikuichagua. Kabale yote iko hivyo. Popote utakaposimama kuna kilima, na kilima kimekatwa matuta ya ngazi mpaka kileleni, huku viazi mviringo, kule mtama, kule maharage. Chuo chetu, Chuo Kikuu cha Kabale, kiko juu ya kilima cha Kikungiri, nje kidogo ya mji. Sasa nikitoa simu nirekodi nini, ukuta? Mji wenyewe uko kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na sie tuliozaliwa kwenye huo usawa wenyewe tunaihesabu hiyo tofauti mifupani. Mnapoandika "mashallah, pepo hiyo", mie nina sweta mbili na soksi mbili, natoa mvuke mdomoni, na ndoo ya maji ya kuoga naiangalia tu.

Chuo si kikubwa. Kilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kikiwa cha binafsi, serikali ikakichukua mwaka 2015. Kwa mtu aliyezoea kusikia habari za Makerere, hapa ni kijijini. Mimi napenda hivyo, mwingine angelia. Mwalimu anakujua kwa jina, kwa hiyo hata kutega kipindi hakuna raha, kesho yake atakuuliza mbele za watu ulikuwa wapi.

Haya, ada. Sitaji, na msinikasirikie. Ada inategemea kozi, inabadilika, na chuo chenyewe ndicho cha kuulizwa. Nikitaja yangu leo, mwakani mtu atafika na hela pungufu aseme binti wa Chumbageni alimdanganya. Nitakachokwambia ni hiki: vyuo vya umma vya Uganda havifanani. Kuna vinavyotuhesabu sie wa Jumuiya ya Afrika Mashariki sawa na wenyeji, na kuna vinavyokuweka safu ya wageni, na safu hiyo ina tarakimu zake. Omba jedwali la ada kwa maandishi, la mwaka wako na kozi yako, uangalie umewekwa safu gani, kabla hujauza hata kuku.

Tena ada hakabidhiwi mtu. Unaingia kwenye akaunti yako ya mwanafunzi, unatoa namba ya malipo, wenyewe wanaiita PRN, ndipo unakwenda benki au unalipa kwa simu. Atakayekwambia "nitumie mimi nikulipie", huyo anakula.

Na hapa niseme la moyoni. Kuna wakala huko nyumbani, simtaji, mwenyewe akiangalia atajijua. Ana bendera ndogondogo mezani, na kalenda ukutani yenye picha ya chuo cha Ulaya. Alimtoza mama yangu hela nzuri tu ya "kushughulikia udahili", na fomu ya maombi ilikuwa wazi mtandaoni kwa kila mtu. Mama alilipa kwa hela ya upatu. Zamu yake ilipofika, ikaishia kwa yule bwana. Mpaka leo mama akinipigia huniuliza kama yule mtu aliwahi kufika Uganda. Mama, sidhani.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hili halimo kwenye jedwali lolote. Uzuri wa huku ni bure. Kinacholipiwa ni umbali. Kila karatasi yenye maana iko Kampala, na Kampala ni zaidi ya kilomita 400 kutoka hapa. Unapanda basi la usiku, unafika alfajiri hujalala, unapanga foleni, na jioni huna hakika kama unarudi au unatafuta pa kulala.

Karatasi zenyewe kwa Mtanzania ziko hivi. Kabla hujavuka, chukua ile NOC ya TCU, tume yetu ya vyuo vikuu, ya kwamba hawana pingamizi usome nje, kwa sababu ukirudi na shahada ni hao hao TCU wa kuitambua. Vyeti vyako vya kidato cha nne na cha sita vitalinganishwa na vya kwao na UNEB, baraza lao la mitihani. Kadi ya homa ya manjano lazima, utaiulizwa kwenda na kurudi. Halafu kibali cha mwanafunzi. Kwa sisi wa Jumuiya kibali hicho hakilipiwi, na nimeona watu wakishangilia, "bure! bure!" Bure ni kibali. Picha za pasipoti si bure, nakala si bure, wakili si bure, na mama ntilie wa Kampala hajawahi kusikia habari za Jumuiya.

Mimi cheti changu cha kuzaliwa kina "kh" kwenye jina, cha shule kina "h" peke yake. Mnajua wenyewe majina yetu ya pwani, kila karani anaandika alivyosikia. Ofisi moja kule Kampala, siitaji, bwana akaviweka vyeti viwili mezani akaniambia hawa ni watu wawili. Nikamwambia ni mimi, nimekaa hapa mmoja. Akasema alete kiapo. Alete nani, kama tuko wawili? Nikatafuta wakili, nikala kiapo kwamba mimi ni mimi, nikalipa, nikarudi, nikaambiwa mtandao uko chini, njoo Jumatatu. Ilikuwa Alhamisi. Wanaosoma Kampala wanarudi hosteli wanalala, mie nafanya hesabu ya nauli. Basi mkiniona kwenye video nimenuna, kilima hakina kosa.

Ajabu ya Kabale, Kigali iko karibu kuliko Kampala, tena kwa mbali. Mpaka wa Katuna, wa kuingilia Rwanda, uko kilomita ishirini na kitu tu. Ulifungwa Februari 2019, ukafunguliwa tena mwisho wa Januari 2022, na wafanyabiashara wa hapa mjini ukiwagusa hilo jambo hamtamaliza leo. Kwa hiyo mtu wa kwetu ana njia mbili. Moja ni Mutukula, Masaka, Mbarara, Kabale. Nyingine ni Kahama, Rusumo, Kigali, Katuna. Mimi hupita Rusumo, lakini hiyo ni mimi, sikushauri. Ina mihuri ya nchi tatu na fedha za nchi tatu, na kila mpaka wabadilishaji hela wanakusubiri kwa tabasamu. Halafu saa za Rwanda ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Ukitoka Kigali kuja huku bila kukumbuka hilo, utafika umechelewa na utabisha kwamba uliwahi.

Hela. Shilingi yetu moja inanunua shilingi yao moja na ushee, ndiyo maana nikitaja bei za huku mnashtuka, "laki tano chumba!" Laki tano ya huku si laki tano ya Tanga, pigeni hesabu kwanza ndipo mnitukane. Kinachouma ni njiani. Kaka yangu anatuma, anakatwa huko. Inabadilishwa, inapungua. Inafika kwenye simu, nikitoa kuna ya wakala, na juu yake serikali ya huku ina kodi ya asilimia 0.5 ya kila unachotoa. Siku moja kaka akasema lakini mimi nilituma nyingi, umezipeleka wapi? Wallahi nilikaa nikamwandikia kila makato mstari kwa mstari, akanijibu "sawa". Sawa ya namna gani ile, mpaka leo sijui. Boom, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, sina, kwa hiyo ikikatika kwa kaka imekatika.

Nakula nini? Asubuhi chai, mchana kikomando, yaani chapati iliyokatwakatwa ikachanganywa na maharage, ukiwa na hela roleksi, chapati imeviringiwa mayai. Viazi usiseme, viazi ndiyo ardhi yenyewe hapa. Nazi ndiyo sina. Ikipatikana imesafiri kuliko mimi, bei yake naiangalia napita. Mwezi wa Ramadhani funga yenyewe nyepesi, baridi hii kiu utaitoa wapi, lakini magharibi ikiingia nikiwaza tambi na kaimati za kwa bibi, hapo ndipo ninapopakumbuka nyumbani vibaya. Msikitini mama mmoja wa Kinubi alinishika mkono siku ya kwanza, tangu hapo futari zangu nyingi nimekula kwake. Mungu amlipe, sina cha kumlipa mie.

Mnaoniandikia kwenye Facebook mkaona sijibu, mkasema nimekuwa mtu wa nje: Facebook Uganda imefungwa tangu Januari 2021. Haifunguki mpaka utumie VPN, na VPN inakula bando, na bando lenyewe lina kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021. Video hii ya dakika chache naipandisha usiku wa manane bando likiwa rahisi, na umeme ukikatika katikati naanza upya. Binamu yangu mmoja ametangaza ukoo mzima kwamba nimemzuia. Sijakuzuia, Mwajuma, njoo YouTube.

Sokwe sasa. Kila siku sokwe, sokwe. Ndiyo, hifadhi ya msitu wa Bwindi iko upande huu wetu wa nchi, na karibu nusu ya sokwe wa milimani wote waliobaki duniani wako humo. Sensa ya mwaka 2018 iliwahesabu 459 ukijumlisha na msitu wa Sarambwe wa upande wa Kongo. Lakini sokwe haonwi kwa kupanda boda. Kuna kibali. Mgeni wa mbali analipa dola 800 tangu Julai 2024, sisi wa Afrika Mashariki shilingi za Uganda 300,000. Ni nafuu kubwa, sibishi. Ila kwangu hiyo ni chakula, na sokwe hajaniita. Wanafunzi wa utalii wanaijua misitu hiyo kwa masomo yao, mie nasoma hesabu za biashara, mnyama ninayemwona kila siku ni mbuzi wa mwenye nyumba.

Ziwa Bunyonyi nimekwenda, hilo nakiri, na ndiyo ile video iliyowafanya mseme natalii. Liko karibu na mji, nauli ya boda tu. Lina visiwa 29 na halina mamba, watu wanaogelea. Kuna kisiwa cha Bwama ambako daktari Mwingereza, Leonard Sharp, aliweka kituo cha wagonjwa wa ukoma mwaka 1931. Nilikaa ukingoni nikala kamba wa ziwani, wadogo wekundu, wengi maganda. Mtu wa Tanga kulishwa kamba mlimani, akalipishwa kama yuko Zanzibar! Nilikula kwa hasira, nikamaliza.

Na Kiswahili changu? Darasani Kiingereza, mtaani Kikiga. Sokoni ukisema Kiswahili utaulizwa kama umetoka Kongo, au baba yako askari. Lakini tangu baraza lao la mawaziri lilipoamua mwaka 2022 kifundishwe kwa lazima mashuleni, wenzangu wanaosomea ualimu wananitafuta wenyewe niwasaidie ngeli. Nalipwa kwa roleksi. Ngeli ya nane kwa roleksi moja ni bei halali.

Sasa uje au usije? Usiniulize hivyo, mie si mwenyezi. Ukiwa mtu wa kelele, wa kutaka kibarua jioni, wa kwenda nyumbani kila sikukuu, naona utateseka. Ukiwa mtu wa kukaa na vitabu, na kuna mtu nyumbani anayetuma hata kidogo kila mwezi bila kuruka, utamaliza. Mimi namaliza kwa sababu ya kaka. Wewe huna kaka yangu. Mwenzangu wa Kongo chumba cha pili hana wa kumtumia na anaongoza darasa, kwa hiyo hata hilo nililosema lisikushike.

Wale wawili waliokwisha pata barua za kuanza Agosti na wanataka niwapokee stendi: nitakuja, ila niandikieni hapa hapa YouTube mnapita Mutukula au Rusumo, maana mabasi hayo hayaingii kwa wakati mmoja. Leteni blanketi nzito. Na mmoja wenu, tafadhali, nazi mbili tu, zilizokauka, nitalipa nauli yake.