Mnaouliza Kama Minnesota Kuna Mbu, Haya Njooni

Haya wapendwa, karibuni. Leo sina jipya, nimechoka tu na swali moja. Kila nikiweka video ya kiangazi, chini yake nakuta: "Dada, huko si kwenye theluji? Dawa ya mbu unampakia mtoto ya nini?" Anafuata mwingine: "Anaringa huyo, mbu wa Marekani wana ugonjwa gani?" Nikijibu mtasema najidai, nikinyamaza mtasema naficha. Basi najibu.

Minnesota ni jimbo la maziwa, maji kila upande. Kuna mbu hapa wanataga kwenye udongo wenye unyevu, mayai yanalala chini ya theluji majira yote ya baridi, joto likirudi na mvua zikinyesha yanaanguliwa. Wenyeji wanatania kwamba mbu ndiye ndege wa jimbo. Mimi mtu wa Muheza, mbu hamnifundishi, lakini mwezi wa sita jioni huku natoka kutupa taka tu, narudi najikuna mpaka shingoni.

Malaria siyo shida ya huku. Ila kuna virusi vya West Nile, vinavyoenezwa na mbu, vilivyogunduliwa hapo jirani zetu Uganda, 1937, vikaingia New York 1999. Wengi wakivipata hata hawajui, ila wachache vinawapanda kwenye ubongo, na chanjo ya binadamu hakuna. Kwa hiyo msiniambie naringa.

Sasa mnasema, tundika neti. Neti ninayo, nimekuja nayo! Mkataba wa nyumba unakataza kutoboa dari, na ukitoboa, siku ya kuhama wenye nyumba wanakukata kwenye dipoziti, ile pesa ya dhamana uliyoweka ukiingia. Huku kinga ni wavu wa dirishani, na wa kwangu niliukuta umechanika. Nikajaza ombi la fundi mtandaoni. Likaandikwa limekamilika, fundi sijamwona. Nikajaza tena, wakataka picha. Nikatuma picha, ikaja barua kwamba nimeharibu mimi, nilipe mimi. Jamani! Kilichoniokoa ni fomu ya ukaguzi ya siku ya kuingia, niliandika kwa mkono wangu kwamba wavu umechanika. Unayekuja huku, fomu ile usiisaini harakaharaka kwa kuona haya.

Wakati tunaandikiana barua, mtoto mguu ulivimba, nikampeleka kliniki. Daktari akasema ni mbu tu, mkande na barafu. Bili ya maneno hayo nimeilipa kwa mafungu. Halafu ndugu yangu wa damu, aliyeona video nikimpaka mtoto dawa, akaandika kwenye grupu la familia: wenzetu wana hela za dawa ya mbu, sisi ada hatuna. Nililia. Tuyaache.

Ninachofanya nyumbani kwangu, kwako huenda kukawa tofauti: dawa ya kupaka yenye DEET, kemikali ya kufukuza mbu, kama asilimia 25, na mafuta ya jua yanatangulia. Mtoto usoni simpulizii, naweka kiganjani kwanza ndipo nampaka. Kichanga ambaye hajatimiza miezi miwili hapakwi kabisa, unafunika kigari chake kwa wavu. Ile ya mafuta ya mkaratusi wa limau, mnayoipenda kwa kuwa ni ya asili, si ya mtoto chini ya miaka 3. Soma kibandiko.

Kila Jumamosi namwaga maji ya sahani za maua na kile kibwawa cha plastiki cha watoto, maana kwenye joto wiki inatosha yai kuwa mbu. Tukikaa nje jioni nawasha feni, mbu upepo hauwezi. Feni ya dukani ya kawaida, msianze.

Na mnaoniulizia ile mashine ya mwanga wa buluu inayopasua wadudu, niwabebee Desemba: inakaanga vipepeo vya usiku na wadudu wasio na kosa, mbu wachache mno. Siibebi. Kilo zangu za begi zina wenyewe tayari.