Volti Kabla ya Chipu: Kuongeza Kumbukumbu kwenye ZX Spectrum ya 16K

(Mhadhara uliotolewa Nairobi mbele ya mafundi na wapenzi wa kompyuta za zamani)

Hamjambo, mabibi na mabwana. Karibuni, na walio nyuma sogeeni mbele, maana maandishi ya bodi hii ni madogo.

Leo tunaongeza kumbukumbu katika kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980. Ziko aina nyingi, lakini iliyo mezani ni moja, ZX Spectrum ya kilobaiti 16. Sinclair, kampuni iliyoitengeneza, walipoizindua Uingereza Aprili 1982 waliiuza kwa namna mbili: ya 16K kwa pauni 125 na ya 48K kwa pauni 175. Katika matoleo ya pili na ya tatu bodi ni ileile. Aliyelipa pauni 125 alipewa mashine yenye nafasi 12 tupu, na kazi yetu ni kuzijaza.

Tuanze na ramani ya anwani, kwa sababu tutairudia wakati wa kupima. Anwani 0 hadi 16383 ni ROM, kumbukumbu ya kudumu yenye programu ya mashine yenyewe. Kutoka 16384 hadi 32767 ni RAM (kumbukumbu ya kuandikwa na kusomwa) ya chini, chipu nane za aina ya 4116, IC6 hadi IC13; namba za IC ndizo majina ya nafasi za chipu kwenye bodi. Hiyo ndiyo RAM ambayo ULA, chipu ya picha, nayo huisoma ili kuchora picha kwenye runinga. Kutoka 32768 hadi 65535 ni RAM ya juu, IC15 hadi IC22, nayo kwenye mashine ya 16K haipo. Kila chipu hubeba biti moja tu ya baiti, ndiyo maana zinakwenda kwa nane nane. Chipu nne zilizobaki, IC23 hadi IC26, ni za kuongoza anwani.

Sasa, kabla hujatoa chipu mpya kwenye mfuko wake, shika mita. Spectrum nyingi zinazosemekana "zimekataa RAM mpya" ziliingia kwa fundi zikiwa na ugonjwa wa umeme tayari.

Chipu za 4116 za RAM ya chini zinataka volti za aina tatu: 5, 12, na hasi 5. Adapta inaleta volti 9 tu. Kidhibiti volti cha 7805 kinazishusha kuwa 5, kisha koili ndogo pamoja na transista mbili, TR4 na TR5, zinatengeneza 12 na hasi 5. Ikifa TR4, na hufa sana, zile volti hasi 5 hupotea. Kazi ya volti hizo ni kuweka mwili wa silikoni chini ya sifuri ili transista za ndani zisivujishe umeme. Zikipotea huku 12 bado zipo, chipu hupata moto na kuungua, pengine moja, pengine zote nane. Kinachoiua TR4 mara nyingi ni mtu kuchomeka au kuchomoa kifaa kwenye kiunganishi cha nyuma mashine ikiwa imewashwa.

Pima hivi. Ncha nyeusi ya mita iwekwe kwenye bati la 7805, hilo ni ardhi. Ncha nyekundu iguse chipu moja ya 4116: pini ya 1 isome hasi 5, pini ya 8 isome 12, pini ya 9 isome 5, pini ya 16 isome sifuri. Asilimia 10 juu au chini inakubalika. Mkono usitetemeke kwenye pini ya 8. Jirani yake, pini ya 7, ni laini ya anwani, na ncha ya mita ikizigusa zote mbili kwa pamoja unapeleka volti 12 mahali pa volti 5. Mimi ningevaa ncha ya mita mpira wa waya, nikiacha milimita moja tu ya chuma wazi.

Na adapta yenyewe. Spectrum inataka volti 9, ampea 1.4, na katikati ya plagi ni HASI. Adapta za ruta na spika mnazoziona Luthuli Avenue, karibu zote katikati ni chanya. Plagi inaingia vizuri kabisa, na hapo ndipo balaa inapoanza. Nunua ya volti 9 ampea 2, kata waya, geuza, unganisha, kisha pima kabla ya kuichomeka. Stima ikipotea, chomoa adapta ukutani na usubiri. Umeme unaporudi kwa kuruka-ruka, mashine ya miaka 40 haina kinga yoyote.

Kapasita za elektroliti zibadilishwe zote, tena kabla ya RAM. Fuata thamani zilizoandikwa kwenye kapasita yenyewe, chukua zinazovumilia nyuzi 105, na angalia upande wa hasi mara mbili.

Haya, tufungue. Skrubu tano chini. Geuza mashine, inua kifuniko taratibu, usivute. Kibodi imeungwa kwa tepe mbili za plastiki, na plastiki hiyo imekauka kwa umri ikawa kama jani la mgomba la Januari. Shika tepe karibu na soketi, vuta wima. Ikipasuka mwishoni, kata kipande kilichochakaa, mradi urefu unatosha, urudishe. Ikipasuka katikati, agiza kibodi mpya ya plastiki. Zinatengenezwa hadi leo.

Soma toleo la bodi, limechapishwa juu yake. Toleo la kwanza halina nafasi hizo 12. Lenyewe lilipanuliwa kwa bodi ndogo ya ziada, na hilo leo tunaliacha. La pili na la tatu mara nyingi tayari lina soketi. Kama soketi hazipo, weka soketi. Usilehemu chipu moja kwa moja kwenye bodi, hata kama una mkono wa dhahabu. Matundu yaliyojaa lehemu ya zamani yasafishwe kwa pampu ya kunyonya, chuma cha kulehemu kiwe kama nyuzi 350, na kila tundu lisikae na moto zaidi ya sekunde chache. Njia za shaba kwenye bodi ya Spectrum hubanduka upesi.

Orodha ya manunuzi ni fupi. IC23 ni 74LS32. IC24 ni 74LS00. IC25 na IC26 zote ni 74LS157. Hizi nne zinapatikana mjini kwa sababu wanafunzi wa elektroniki huzitumia. Sisitizeni herufi LS. Muuzaji atakupa zenye herufi HC na kukuambia ni kitu kimoja. Viwango vyake vya umeme vya kuingiza si vilevile, na kasi pia inatofautiana, ilhali mpangilio wa saa wa RAM hii unategemea kuchelewa kwa chipu hizo hizo.

RAM ndiyo kazi. Kiwandani waliweka 4532, ambayo kwa kweli ni chipu ya kilobiti 64 iliyokuwa na kasoro upande mmoja, ikauzwa kama nusu nzima ya kilobiti 32. Leo hatuzihangaikii. Tafuta 4164 nane, za nanosekunde 150, chipu nzima zinazotumia volti 5 peke yake. Ukipata kadi mama ya zamani ya IBM PC au nakala zake, tazama safu za RAM: huwa na chipu tisa kila safu, nane za data na moja ya kukagua makosa. Ikiwa ni 4164, safu moja inakupa nane na akiba ya moja. Zilizoandikwa 41256 ziache. Pini yake ya 1 ni laini ya anwani, haijaandaliwa hapa.

Jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi. RAM ya aina hii huhifadhi biti kwenye kapasita ndogo inayovuja, kwa hiyo lazima isomwe tena na tena ili isisahau. Z80, kichakataji cha Spectrum, hufanya kazi hiyo kwa rejista yake ya R, inayohesabu kwa biti 7, yaani safu 128. Ziko 4164 zinazoridhika na mizunguko 128 kila milisekunde 2, na ziko zinazotaka 256 kila milisekunde 4. Soma karatasi ya mtengenezaji, uchague za 128. Ukiweka za 256 unaweza kupata mashine inayowaka vizuri na kusahau baadaye, na utalaumu kila kitu isipokuwa chipu hizo.

Kuchomeka: zima umeme, gusa bomba au chuma kilichounganishwa na ardhi, na laza miguu ya chipu kwenye meza ili isimame wima, maana chipu mpya huja na miguu iliyotanuka. Mkato ulio kwenye kichwa cha chipu uelekee upande wa alama iliyochapishwa kwenye bodi. Bonyeza pande zote mbili sawasawa, kisha chungulia kwa kurunzi kama kuna mguu uliojikunja chini ya tumbo la chipu. Huo unaonekana kama umeingia, na ndio kosa la kawaida kuliko yote.

Karibu na chipu hizo kuna waya mfupi wa kuchagua. Ulikuwa wa kuiambia mashine ni nusu ipi ya 4532 iliyo nzima, na chipu ni za kampuni gani. Ukiwa na 4164 nzima, nusu yoyote inafaa, lakini waya usikosekane: laini hiyo ya anwani ikiachwa inaelea, data itaruka upande huu na ule bila mpango.

Washa bila kifaa chochote nyuma. ROM yenyewe hukagua RAM inapoanza: hujaza kila anwani, huisoma tena, na inapokutana na kosa husimama hapo na kuhesabu kuwa ndio mwisho wa kumbukumbu. Kwa hiyo hitilafu ya RAM ya juu haikuzuii kupata maandishi ya Sinclair. Mashine itajifanya ya 16K tu. Skrini ikijaa mistari na vibweka, tatizo liko RAM ya chini, au umeme.

Andika:

PRINT PEEK 23732+256*PEEK 23733

PRINT ni kitufe cha P. PEEK, amri ya kusoma anwani, inapatikana kwa kubonyeza CAPS SHIFT na SYMBOL SHIFT pamoja, kisha O. Jibu likiwa 65535, una 48K. Likiwa 32767, RAM ya juu haijaonekana kabisa au imeharibika tangu anwani ya kwanza. Likiwa katikati, tuseme 40959, basi anwani 40960 ndiyo iliyoanguka.

Kutafuta chipu yenye kosa, tumia mstari huu, ambapo POKE huandika namba kwenye anwani na PEEK huisoma tena:

10 FOR n=0 TO 7: POKE 32768,2^n: PRINT n,PEEK 32768: NEXT n

Kosa likiwa katikati, weka anwani uliyoipata badala ya 32768. Mashine nzima itarudisha 1, 2, 4, 8 hadi 128. Ikiwa kila jibu, isipokuwa lile la 4 yenyewe, lina 4 ya ziada, biti ya 2 imeganda juu. Ikiwa 4 inarudi sifuri na nyingine ziko sawa, biti ileile imeganda chini. Jumlisha 15 na namba ya biti: hapo ni IC17. Ibadilishe na jirani yake. Kosa likihama, chipu ni mbovu, lisipohama chunguza soketi. Yote yakirudi 255, usihangaike na RAM hata kidogo. Nenda IC23 na IC24, kisha zile 157.

Iache ikiwaka nusu saa, rudia vipimo. Chipu dhaifu hupita zikiwa baridi. Shika pia bati la 7805: litakuwa na joto kali, sasa linabeba chipu 12 zaidi. Paka mafuta mapya ya kupitisha joto, au weka moduli ya kisasa ya volti 5 isiyopoteza umeme kwa joto. Mimi napendelea hiyo moduli, ingawa wakusanyaji wanaotaka kila kitu cha asili watanuna.

Kwa haraka, mashine nyingine. BBC Micro ya Model A inageuka 32K kwa chipu nane za 4816, volti 5 peke yake, raha tupu. VIC-20 hupanuliwa kwa katriji, lakini ukiongeza 8K au zaidi skrini inahama kutoka anwani 7680 hadi 4096, na michezo iliyoandika moja kwa moja kwenye skrini itaharibika ingawa RAM ni nzima. Commodore 64 ina 64K tayari; hatari yake ni adapta, ambayo kidhibiti chake kikifa hupitisha zaidi ya volti 5 na kuziua RAM. Weka kikatizi cha volti zinazozidi kati ya adapta na mashine. Amiga 500 yenye kadi ya 512K chini: ifungue leo ukifika nyumbani, ung'oe betri. Ikiwa imevuja, osha kwa siki, kisha kwa spiriti.

Tumeulizwa kuhusu runinga. Spectrum hutoa mawimbi ya UHF, chaneli ya 36, ya Kiingereza. Tofauti ya mfumo wao na wetu iko kwenye sauti, na Spectrum sauti yake hutoka kwenye spika ya ndani, kwa hiyo runinga ya zamani ya hapa inaionyesha bila shida. Tangu Kenya izime analogi mwaka 2015, baadhi ya runinga mpya hazipokei mawimbi hayo. Hapo fungua kile kikopo cha bati ambako waya wa antena huchomekwa. Waya mbili zinaingia: mmoja ni volti 5, mwingine ni picha. Tenganisha zote mbili, tenganisha pia rezista inayokwenda kwenye soketi ya antena, kisha peleka waya wa picha moja kwa moja katikati ya soketi hiyo. Ule wa volti 5 ufunike kwa mpira, na kebo ichomekwe kwenye tundu la njano la runinga.